Kusini kwa Siku 13: Mpango wa Likizo kwa Asiye na Haraka

Leo nianze kwa kukiri kosa.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukua likizo fupi nikajiapiza kwamba nitaimaliza historia ya kusini mwa Tanzania kwa siku tano. Nilianza na Kilwa. Nikavuka asubuhi, nikazunguka magofu kwa saa mbili huku nikiangalia saa, jioni nikawa njiani kwenda Lindi. Kesho yake Mikindani kwa chakula cha mchana. Halafu safari ndefu ya kwenda Songea, nikafika nimechoka kiasi kwamba ndani ya makumbusho ya Majimaji nilikuwa natafuta mahali pa kukaa, sitafuti historia. Nikarudi Dar es Salaam na picha zaidi ya mia tatu za kuta. Mdogo wangu akazipitia moja moja, kisha akaniuliza swali dogo tu: "Sasa dada, hao watu waliojenga haya walikwenda wapi?"

Mwandishi wa habari mzima, mwenye shahada yake, nikakosa jibu.

Nimelifikiria swali lile mara nyingi tangu siku hiyo. Nimegundua kwamba nilikosea mambo mawili. La kwanza ni mwendo, na hilo kila mtu analiona. La pili lilinichukua muda kuling'amua: nilikosea mpangilio. Nilianza na Kilwa ya masultani na sarafu zao, nikamalizia kwenye vitanzi vya Songea. Nikarudi nyumbani nikiwa na hisia kwamba historia yetu ni habari ya watu waliokuwa na kitu, wakapigwa, ikaisha hapo. Na hebu tukumbuke, ndivyo wengi wetu tulivyofundishwa shuleni: ukurasa mmoja wa dola za pwani, kisha mkoloni anaingia, kisha tunakariri tarehe za kushindwa.

Kwa hiyo nilipokwenda tena niliupindua mpango wote. Ni mzunguko ule ule, lakini kwa kuanzia bara na kumalizia baharini. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka. Mimi nakuomba 13 tu.

Kanuni tatu kabla ya kufunga begi

Kwanza, siku ya barabara isiwe siku ya magofu. Ukitoka kwenye basi la saa tisa huna macho ya kuona kitu. Fika, oga, kula, lala.

Pili, mahali palipokutoa nyumbani pape angalau usiku mbili. Ukilala usiku mmoja umepita tu.

Tatu, nenda kati ya Juni na Oktoba. Barabara ya pwani ya kusini ina historia yake na mvua. Mei 2024 mafuriko na kimbunga Hidaya viliikata eneo la Somanga, na mikoa ya Lindi na Mtwara ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kiangazi ni salama zaidi. Ila beba sweta, maana Iringa na Njombe mwezi Julai si mahali pa kuleta ushujaa wa kivazi cha pwani.

Siku ya 1 hadi ya 3: Iringa

Dar es Salaam hadi Iringa ni kama kilomita 500. Kaa dirishani. Utapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, utaona vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vimepangwa barabarani, kisha basi litaanza kuupanda mlima Kitonga na abiria wote watanyamaza. Kabla hujafika Iringa mjini kuna mahali panaitwa Lugalo. Basi halisimami, lakini pakumbuke, maana kesho kutwa utapahitaji.

Siku ya pili nenda Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini kwenye barabara ya Mbeya. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali. Wengi huenda kwa ajili ya nguzo za mchanga na udongo zilizochongwa na maji na upepo, ndefu kama nyumba za ghorofa, na kweli zinapendeza kwenye picha. Lakini kilichoifanya Isimila iandikwe kwenye vitabu vya dunia nzima kiko chini, kwenye korongo: shoka za mikono za mawe, mamia kwa mamia, zilizochongwa pande zote mbili hadi zikawa na umbo la tone la maji. Wanaakiolojia walizichimbua kwa utaratibu miaka ya 1957 na 1958, na makadirio yanayotajwa sana yanazipa miaka ipatayo 260,000. Pamoja nazo ilipatikana mifupa ya aina ya kiboko ambaye hayupo tena duniani.

Shika jiwe moja, mwongozaji akikuruhusu, uone linavyokaa kiganjani. Aliyelichonga alikuwa anajua anachokifanya. Nakuambia uanzie hapa kwa sababu moja: ukiwa umesimama mahali penye miaka laki mbili na zaidi, miaka 30 ya Mjerumani inarudi kwenye ukubwa wake halisi. Jioni panda jiwe la Gangilonga, uangalie jua likizama juu ya mji. Siku imekwisha. Usiongeze kitu.

Siku ya tatu ni ya Kalenga, kijiji kilicho kando ya Ruaha Mdogo, umbali wa dakika chache kwa gari kutoka mjini. Hapa palikuwa na ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe. Na hapa ndipo Lugalo inarudi. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kinapita Lugalo kwa mstari mmoja mrefu. Wahehe walikuwa wanawangoja vichakani. Zelewski akauawa, na wengi wa askari wake pia. Wajerumani walihitaji miaka mitatu kujipanga upya, wakaishambulia Kalenga kwa mizinga na kuiteka tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa hakukamatwa. Aliendesha vita vya msituni miaka minne zaidi, na tarehe 19 Julai 1898, alipoona amezingirwa, akajipiga risasi.

Kichwa chake kikakatwa na kupelekwa Ujerumani. Sasa sikiliza jambo hili la ajabu: Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ule uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza na kupanga upya mipaka ya Ulaya, una kifungu cha 246 kinachoitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilifuata kwenye makumbusho ya Bremen, akakuta mafuvu mengi kutoka Afrika Mashariki, na likachaguliwa moja kwa kulinganisha vipimo vyake na vya jamaa wa ukoo na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 akamkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa marehemu, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu. Wako wanaouliza kama kweli ni fuvu lenyewe. Liko pale Kalenga, ndani ya kasha la kioo, katika chumba kidogo.

Mara ya kwanza ningetoka baada ya dakika kumi. Safari hii nilikaa nje chini ya mti na kumsikiliza mwongozaji akizungumza pia mambo ambayo hayamo kwenye vibao: kwamba Mkwawa huyo huyo alikuwa tishio kwa majirani zake, Wasangu na wengineo, na kwamba ukienda kwao utasikia hadithi nyingine. Hilo huwezi kulipata ukiwa unaangalia saa.

Siku ya 4 na ya 5: Songea

Siku ya nne ni barabara tu: Makambako, Njombe, kisha mteremko mrefu wa kwenda Songea, zaidi ya kilomita 400. Nunua viazi njiani, lala mapema.

Siku ya tano usipange kitu kingine chochote. Makumbusho ya Majimaji yapo palepale palipotendeka mambo. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapo viongozi na mashujaa wa Kingoni zaidi ya 60, na wengi wao wakazikwa katika kaburi moja. Siku chache baadaye akanyongwa Songea Mbano, ambaye mji umebeba jina lake. Inaaminika kichwa chake nacho kilichukuliwa. Hakijarudi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika mahali hapo, akakutana na wazao wake, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu.

Idadi utakayoambiwa ni nzito. Waliokufa katika vita vya Majimaji, kati ya 1905 na 1907, wanakadiriwa kuanzia 75,000 hadi laki tatu, na wengi wao hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi. Wanafunzi tunafundishwa kuwacheka kidogo watu walioamini maji yangegeuza risasi kuwa maji. Ukiwa Songea jaribu kulitazama kwa upande mwingine: makabila zaidi ya 20, mengine yalikuwa maadui wa jana, yalikubaliana kupigana pamoja bila redio, bila gazeti, bila chama. Hata Wangoni, ambao babu zao walifika kutoka Afrika Kusini katika karne ya 19 na kuwatiisha wenyeji, waliingia vita moja na wale waliokuwa wakiwatawala.

Mara ya kwanza hapa palikuwa mwisho wa safari yangu. Sasa pako katikati, na mbele kuna siku nane. Tofauti yake ni kubwa kuliko unavyodhani.

Siku ya 6 hadi ya 8: kushuka pwani

Kuna watakaokushauri upande ndege. Usipande, kama una nguvu. Kutoka Songea hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 600, lakini sasa ni lami. Pita Tunduru, lala Masasi, endelea asubuhi. Sababu yangu si ubahili. Huu ndio uelekeo ambao misafara ya karne ya 19 iliufuata kutoka upande wa Ziwa Nyasa kwenda bandari za kusini, Kilwa ikiwa kubwa kuliko zote, ikiwa na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingoni. Walitembea kwa wiki nyingi. Wewe utakaa kwenye kiti siku mbili na utalalamika mgongo. Lalamika tu, lakini angalia nje: pori halikwishi.

Ukipita Masasi, Nachingwea iko upande wako wa kaskazini. Huko Waingereza walijaribu mradi wa karanga kati ya 1947 na 1951, wakafyeka pori kwa matrekta, wakajenga bandari ya Mtwara na reli, mradi ukafa. Reli yenyewe iling'olewa miaka ya 1960. Baadaye Nachingwea ikawa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO. Husimami, unapita tu na kujua umepita wapi.

Mikindani iko kama kilomita 10 kabla ya Mtwara mjini kwa anayetoka Lindi, kwenye ghuba iliyojifunga kama bakuli. Kuna nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, kuna boma la Wajerumani la mwaka 1895, na David Livingstone alianzia huku safari yake ya mwisho mwaka 1866. Vyote hivi unavimaliza kwa matembezi ya saa mbili. Muda unaobaki ni wako. Ogelea. Kula pweza. Fua nguo. Mpango wa safari usio na siku ya kufua nguo umepangwa na mtu ambaye hajawahi kusafiri.

Siku ya 9: mahali ambapo hutasimama

Kutoka Mikindani kwenda Kilwa unapita Lindi. Kaskazini magharibi ya Lindi kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria wenye umri wa miaka milioni 150 hivi. Namna ya kusema "Wajerumani walichimba" inafaa isahihishwe. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa kusini, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, na waliobeba mifupa hiyo kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi, siku kadhaa kwa miguu, walikuwa pia watu wa kusini. Ilikuwa miaka michache tu baada ya njaa ya Majimaji katika nchi hiyo hiyo. Zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini.

Mnyama mkubwa kuliko wote amesimama leo katika makumbusho ya Berlin, urefu wa mita 13 hivi kwenda juu, na watoto wa Ulaya wanapigwa picha chini ya mbavu zake. Kwa msafiri wa kawaida Tendaguru kwenyewe hakuna cha kumwonyesha. Ndiyo maana nimesema hutasimama. Lakini ukiwa ndani ya basi, ukiviona vilima vya Lindi, hesabu: fuvu la Mkwawa lilikaa Ujerumani miaka 56, la Songea Mbano bado linatafutwa, na mifupa ya Tendaguru ina zaidi ya karne moja huko. Ni mstari mmoja, na umeuona mwenyewe kwa mpangilio.

Jioni utafika Kilwa Masoko.

Siku ya 10 hadi ya 12: Kilwa

Kibali cha kuvuka kinatolewa Kilwa Masoko, na utapewa mwongozaji. Uliza habari za maji kupwa na maji kujaa kabla ya kukubaliana na mwenye mashua, kwa sababu bahari ndiyo inayopanga ratiba huku, si wewe.

Siku ya kumi baki Kisiwani tu. Anza na Gereza, ile ngome unayoiona kutoka majini, kisha Msikiti Mkuu. Sehemu ya zamani ya msikiti inafika karne ya 11 na ya 12. Upanuzi wake mkubwa, ule wa matao na kuba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ni wa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Kaa ndani. Subiri kundi la wengine lipite. Mwanga unaingia kwa juu, kupitia kuba zilizobomoka, na unasogea sakafuni polepole.

Mchana tembea hadi Husuni Kubwa, kasri la sultani huyo, juu ya mwamba unaotazama bahari. Vyumba zaidi ya mia moja na birika la kuogea la pembe nane. Wataalamu wanaona kwamba kasri halikukamilika. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na akaeleza jinsi sultani alivyombwa nguo zake na maskini mmoja njiani, akaingia ndani, akazivua, akampa. Watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa.

Fedha ilitoka wapi? Kwenye dhahabu ya bara, iliyopitia Sofala, ambayo Kilwa ilikuwa imeidhibiti. Kilwa ilifua sarafu zake yenyewe za shaba. Sarafu moja yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Great Zimbabwe. Sarafu nyingine tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo watu wanabishana zilifikaje.

Nisikufanye uamini kwamba Kilwa ilikuwa peponi. Francisco de Almeida na Wareno wake waliuvamia na kuupora mji mwaka 1505, wakajenga ngome, wakaondoka mwaka 1512. Lakini mwaka 1776 sultani wa Kilwa alitia saini mkataba na mfanyabiashara wa Kifaransa aitwaye Morice, wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Wale watu wa misafara uliokuwa unawafikiria kule Tunduru, wengine waliuzwa hapa. Ndiyo maana nilitaka upite njia ile kwanza.

Siku ya 11 nenda Songo Mnara, kisiwa cha kusini zaidi, kwa boti. Utashuka kwenye mikoko na huenda ukatembea ndani ya maji hadi magotini. Huko magofu ni ya nyumba za watu, si kasri tu: kumbi, vyumba vya ndani, visima, misikiti midogo, makaburi. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa pamoja kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, vikawekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004 kwa sababu bahari na mimea vilikuwa vinazila kuta, na vikatolewa huko mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Siku ya 12 usifanye kitu kikubwa. Ukitaka nenda Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 uliochukua nafasi ya Kisiwani. Au rudi tu Kisiwani, ukae kijijini. Maana Kisiwani kuna kijiji. Kuna wavuvi wanaoshona nyavu, kuna akina mama wanaorudi pwani na ndoo za chaza, kuna watoto wanaocheza mpira mita chache kutoka kwenye msikiti wa miaka mia tisa. Mara ya kwanza niliwapita kama watu wa pembeni walioharibu picha.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa barazani swali la mdogo wangu: "Shikamoo babu. Hivi watu waliojenga hapa walikwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu," akasema, kisha akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Waende wapi? Si sisi hapa?"

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa pwani ya Waswahili na maeneo ya jirani kati ya mwaka 1250 na 1800, baadhi yao Kilwa na Songo Mnara. Matokeo yalikuwa kwamba wengi wa watu wa miji hiyo walikuwa na asili kubwa ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, wakachanganyika na wageni kutoka Asia, hasa Uajemi, tangu kama mwaka 1000. Kwa miaka mingi vitabu vilitueleza kwamba miji hii ilijengwa na wageni waliokuja na kuondoka. Mzee wa barazani hakuhitaji maabara, lakini ni vizuri maabara imemkuta pale pale.

Siku ya 13: kurudi

Ukiondoka Kilwa kurudi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300, upande wako wa kushoto kuna vilima vya Wamatumbi. Huko ndiko mnamo Julai 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kulima, na Majimaji ikaanza. Mbele kidogo ni Mohoro, ambapo Kinjikitile Ngwale alinyongwa tarehe 4 Agosti 1905, vita ikiwa changa kabisa. Kisha unavuka Rufiji kwa daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, na nyumbani kunakaribia.

Kwa hiyo utakuwa umeiona vita ile kinyumenyume: vitanzi kwanza, siku nane kabla, na sasa watu wanaonyanyuka kwa mara ya kwanza na kusema hapana. Nimekuwa nikijiuliza kama huo si ujanja, kupanga barabara ili hadithi iishe vizuri. Nadhani si ujanja. Tarehe hazijabadilika hata moja, na wafu wa Songea ni wale wale. Ila kuna aliyeamua zamani kwamba sisi tuisome kuanzia kwenye utukufu na kuishia kwenye kushindwa, na hakutuuliza.

Nilipofika nyumbani mdogo wangu aliniuliza tena, kwa utani, kama safari hii nimeleta kuta ngapi. Nilikuwa na picha 40. Nikamwonyesha ya yule mzee, ambaye alikubali kupigwa baada ya kuvaa kofia yake vizuri.

"Huyu nani?" akauliza.

Nikamwambia: ndiye uliyekuwa unamuulizia.